Aliyemshika Kwanza

Mwano ulipolia, Ngusa alikuwa nyuma ya zahanati ya Magamba, ameinama, anafyeka nyasi. Jua lilikuwa la utosi. Sauti ilitokea upande wa malisho, sauti ya mwanamke, ndefu na kali. Ikapokewa na nyingine karibu zaidi. Kisha filimbi. Fyekeo likabaki hewani.

Kwa Wasukuma mwano si kelele, ni amri. Ukilia, mwanamume anaacha jembe shambani, anaacha ugali kwenye sahani, anachukua fimbo au upinde na kukimbilia inakotoka sauti. Maana yake ng'ombe wameibwa au mtu ameuawa. Asiyetoka atalipishwa ng'ombe, na akigoma kulipa anatengwa. Hapati wa kumpa moto, hapati wa kumsalimia, na akifiwa atachimba kaburi mwenyewe. Hayo ni kwa mtu safi. Mtu mwenye doa asipotoka, watu husema huyu anajua ng'ombe walikopitia.

Ngusa alikuwa na doa. Alikuwa ametoka gerezani kabla ya mvua za kwanza, na gereza ni gereza, watu hawaulizi uliingia kwa mlango gani.

Mlango alioingilia ulikuwa huu huu wa mwano. Mwaka ule walimfukuza mtu aliyekutwa porini na mtamba mweusi, mkulima mmoja wa Katumba anayeitwa Anicet, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Ngusa ndiye aliyemfikia wa kwanza. Rungu lake lilivunja mkono wa Anicet kabla mtu yeyote hajamuuliza jina. Baadaye ikajulikana kwamba mtamba alinunuliwa mnadani mchana kweupe. Polisi walipotokea, wenzake wote walitawanyika kama kwale. Ngusa alibaki amesimama, rungu mkononi, anautazama ule mkono ulivyopinda. Wakamkuta hivyo hivyo.

Alihukumiwa miaka mitatu. Baada ya mwaka na kitu hakimu akakubali amalizie nje, kwa masharti. Afanye kazi zahanati kila asubuhi bila malipo. Asitoke nje ya kata bila ruhusa. Asijiunge na sungusungu wala kundi lolote linalofukuza watu. Akivunja mojawapo, arudishwe kwa hakimu, na hakimu akitaka, arudi ndani amalizie yote yaliyobaki.

Aliyepewa kazi ya kumwangalia alikuwa afisa uangalizi, mama mmoja anayeitwa Ernestine, mfupi, mwenye pikipiki nyekundu na maneno machache. Siku ya kwanza alimketisha kwenye benchi ofisini Mpanda.

"Ngusa, mimi si polisi na si mama yako mzazi. Kazi yangu ni kukuangalia. Rudia masharti."

Akarudia.

"Nikikuona kwenye mwano, hata umesimama pembeni unajikuna kichwa, namwandikia hakimu. Tumeelewana?"

"Na ukilia nikiwa hapo hapo, mama?"

"Unakaa."

"Mama, wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa Mishamo. Kwa nini?"

"Basi mwano huujui."

"Mkono wa Anicet naujua," alisema Ernestine. "Nenda kafanye kazi."

Na si yeye tu. Alikuwepo pia Mkaguzi Enoka, polisi wa kata, mtu wa utani, ambaye alikuwa akizuka nyumbani kwa Ngusa wakati wowote anaojisikia. "Nimekuja kuwasalimia kuku," alikuwa akisema, anaomba maji, anayanywa polepole, macho yanazunguka uani. Akimwona Ngusa yupo, anaondoka. Mke wa Ngusa, Pudensiana, Mfipa asiyependa maneno mengi, alikuwa akimwekea kikombe tayari. Alikuwa amelima peke yake muda wote mumewe alipokuwa ndani, na mikono yake ilisema habari hiyo bila yeye kufungua mdomo. Neno moja tu alilorudia kila asubuhi wakati Ngusa anaondoka: "Ukirudi ndani tena, mimi narudi Sumbawanga. Sikutishi. Nakwambia tu."

Ndiyo maana fyekeo lilibaki hewani.

Akapiga simu kwa afisa. Haipatikani. Akampigia Enoka.

"Niko mjini," Enoka alisema. "Mwano? Wa nini?"

"Sijui, afande. Ndiyo kwanza unalia."

"Nakuja. Wewe usiende popote, unasikia? Kaa na nyasi zako."

Lakini kundi lilikuwa limeshafika. Walikuja kwa njia ya nyuma ya zahanati, vumbi tupu, fimbo, mapanga, pinde. Mbele alikuwa Maduhu, kamanda wa sungusungu, pande la mtu, filimbi shingoni. Nyuma yake Ngolo, mwenye boma kubwa kuliko yote upande ule, jasho linamtiririka, kimya. Na nyuma kabisa Nyanzala, mke wa Ngolo, khanga kiunoni, ambaye ndiye aliyeupiga mwano. Kwa kawaida wanawake hawafuati, ila yeye ndiye aliyemwona mwizi, ikabidi aende akamtambue.

"Ngusa!" Maduhu alisimama. "Masikio yamekufa?"

"Nasikia, kamanda."

"Ng'ombe watatu wa Ngolo, wale wekundu. Mtu kawaswaga mchana mchana kama anaswaga wake. Sasa wewe unafyeka nini? Wameingia humo kwenye nyasi?"

Watu wakacheka.

"Kamanda, masharti yangu unayajua."

"Masharti! Jamani, mwenzetu kaolewa. Kaolewa na mama wa pikipiki!"

"Mahari kalipiwa nini?" mwingine akadakia kutoka nyuma.

"Fyekeo!"

Kicheko kikapasuka. Ngolo hakucheka. Ngusa aliliona hilo, akadhani ni uchungu wa mali.

Maduhu akasogea karibu, sauti ikashuka. "Ngosha, mwanamume mwenzangu, sikiliza. Mimi sitaki makuu na wewe. Ila watu hawa nitawaambia nini? Mtu alikuwa gerezani na wezi, akatoka, ng'ombe wakaibwa, mwano ukalia, yeye akabaki. Ukibaki hapa, tukirudi tutaanzia kwako. Kwako na kwa mke wako."

Wakaondoka mbio.

Mtu mwenye hofu hutafuta njia ya tatu hata pasipo na njia. Ngusa alilitundika fyekeo kwenye dirisha la zahanati, akafuata. Mikono mitupu. Aliacha nafasi kubwa kati yake na kundi, ili sungusungu wakiuliza waambiwe alitoka, na afisa akiuliza aambiwe alikuwa anaelekea nyumbani, maana njia ya kwake ilikuwa hiyo hiyo. Alipofika kwake hakukata kona. Alimwona Pudensiana mlangoni, kashika ungo. Yeye akaendelea, na mke akauweka ungo chini.

Mpaka wa kata ni kijito. Kiangazi unakivuka bila kulowesha magoti, ng'ambo ni matete na kisha pori. Kundi lilizisoma kwato kwenye tope, likavuka. Ngusa akafika ukingoni, akaketi juu ya jiwe.

"Maji ya baridi, binti?" mmoja alimpigia kelele kutoka ng'ambo.

"Muacheni, anasubiri pikipiki imvushe!"

Wakapotelea porini. Akabaki na inzi na sauti ya maji. Alijiambia kwamba mpaka hapa hajavuka kitu. Alijua anajidanganya, lakini jiwe lilikuwa la kukalika, akakaa.

Haukupita muda filimbi zikaanza kulia huko mbali, za haraka haraka, zile za kuonesha kitu kimeonekana. Kisha mbwa. Kisha matete yakatikisika upande wa chini wa kijito, na mtu akatoka ndani yake akitambaa zaidi ya kukimbia. Alivuka maji kwa mikono na miguu. Shati limechanika, sikio linavuja damu, mguu mmoja anauburuta. Kiunoni amejizungushia kamba ya ng'ombe. Alipomwona Ngusa akaanguka magotini.

"Baba, nisaidie. Baba yangu. Mimi si mwizi."

"Wewe nani?"

"Sixte. Wa Katumba. Mimi ni Mtanzania, nina kitambulisho, baba, kiko nyumbani."

Katumba tena.

"Sijauliza kitambulisho. Ng'ombe wa Ngolo umewapeleka wapi?"

"Nimewaacha ng'ambo, walipoanza kurusha mishale. Si wa Ngolo. Mimi nimetumwa na mwenye ng'ombe, yuko Kawajense, mjini. Aliwaweka kwa Ngolo wamtunzie. Sasa anawataka."

"Ngolo anajua?"

"Nilimkuta asubuhi! Yeye mwenyewe aliniambia, usipite nyumbani, wachukue huko huko malishoni kimya kimya, watu wasione. Sasa yule mama kaniona kapiga kelele. Baba, nimesimama nikamwambia nimetumwa, hata hakunisikia."

Ngusa alielewa mara moja, kama ambavyo Msukuma yeyote angeelewa. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote boma moja. Ugonjwa ukiingia watakwisha wote, na jicho la watu likiwaona wote litawamaliza kabla ya ugonjwa. Anawagawa kwa ndugu na marafiki. Anayewatunza anakunywa maziwa, analimia samadi, na hasemi kwa mtu kwamba si wake. Hata mkewe anaweza asijue. Watu wanamheshimu kwa boma lake, wanampa kiti cha mbele kwa boma lake. Na hakuna mtu mwenye adabu atakayemuuliza mwenzake hadharani: hawa ni wa nani?

Ngolo alikuwa amekimbia na kundi muda wote ule, akijua. Alikimbia na watu kwenda kumuua mtu aliyemtuma mwenyewe malishoni, kwa sababu kusema neno moja kungempunguzia boma.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Ernestine.

"Nimefika zahanati nimekuta fyekeo dirishani. Uko wapi?"

"Kijitoni, mama. Mpakani. Sijavuka."

"Kijitoni unafanya nini?"

"Mama, kuna mtu hapa. Wanamfukuza. Si mwizi. Wakimkuta watamuua."

Upepo ukapiga kwenye simu.

"Ngusa, nisikilize vizuri. Ondoka hapo. Nenda kwako, kaa ndani. Huyo mtu usimguse. Mimi na Enoka tunakuja."

"Mnafika sasa hivi?"

"Tunakuja."

"Filimbi nazisikia, mama."

"Ukimshika huyo mtu, umeingia kwenye mwano. Sitakuwa na namna ya kukusaidia. Umenielewa? Sitasema uongo kwa ajili yako."

"Nimeelewa."

Akaikata. Njia ya nyumbani ilikuwa nyeupe mbele yake. Angeweza kuwa mlangoni kabla mbwa hawajatoka kwenye matete. Sixte alijaribu kusimama, mguu ukakataa, akakaa tena kwenye tope akishika kifundo. Huyu hafiki popote.

Ipo sheria moja ya mwano pale kwao, ya wazee. Aliyemshika mwizi kwanza ndiye mwenye neno la kwanza. Hakuna wa kuinua mkono kabla yake. Anasimama mbele ya watu, anasema amemkuta wapi na anataka nini kifanyike, ndipo wengine wanaingia. Iliwekwa ili watu wasigombanie. Wengi hawasemi neno lolote, hupiga tu, na hilo ndilo linakuwa neno lao. Ngusa alimfikia Anicet wa kwanza. Neno la kwanza lilikuwa lake, na alilisema kwa rungu. Mpaka leo aliijua ile sauti ya mfupa. Ilikuwa inamjia hata anapovunja kuni.

"Nipe hiyo kamba," alimwambia Sixte.

"Baba?"

"Nipe kamba. Mikono nyuma."

"Baba, unanifunga? Si nimekwambia ukweli? Yesu wangu, unanifunga!"

"Nyamaza. Wakikukuta huru, wewe ni wa kila mtu. Wakikukuta na kamba yangu, wewe ni wangu."

Alifunga legelege, fundo la kufungulia mkono mmoja, akashika ncha. Aliitazama mikono yake, akaiona ni ile ile ya mwaka ule.

Mbwa walitoka kwanza, kisha watu. Walivuka kijito wakirusha maji, macho mekundu, na walipomwona Sixte chini wakapiga yowe.

"Nani kamshika?" Maduhu aliuliza.

"Mimi."

Kelele za furaha zikalipuka. "Ngusa wetu karudi! Talaka imetoka!" Mtu akampiga begani. Mwingine akamsukumia rungu mkononi. "Neno la kwanza lako, baba. Lile lile la mwaka ule!"

Walitengeneza duara. Rungu lilikuwa zito na zuri, la mpingo. Ngusa akalitupa kijitoni.

"Neno langu ni swali," alisema. "Namuuliza Ngolo."

Ngolo alikuwa nyuma ya watu wawili. Wakampisha.

"Ngolo, wale wekundu watatu ni wa nani?"

"Unaniuliza mimi?"

"Wewe."

"Umewaona bomani kwangu miaka yote."

"Sikuulizi walilala wapi. Nakuuliza ni wa nani."

Duara likanung'unika. Mzee mmoja akatema mate chini. Ni kama Ngusa alikuwa amemvua mtu nguo mbele ya wakwe zake.

"Ngusa," Maduhu alisema taratibu, "hilo haliulizwi."

"Leo linaulizwa. Huyu anasema ni wa mtu wa Kawajense. Anasema Ngolo mwenyewe alimwambia awachukue malishoni kimya kimya."

"Mrundi anadanganya!" kuna aliyefoka, na jiwe likaruka, likampata Sixte kwenye bega. Akajikunja kama mnyoo. Lingine likapita karibu na goti la Ngusa. Duara likaanza kubana. Ngusa alirudi nyuma hatua moja, akasimama juu ya Sixte, mguu huku na mguu huku, kama mtu anayelinda ndama.

"Neno lako limekwisha," Maduhu alisema. "Sogea."

"Halijaisha, maana sijajibiwa."

"Sogea, ngosha. Nakuomba."

"Kamanda, Anicet tulimpiga kwa ajili ya mtamba ambaye hakuibwa. Tulikuwa wengi. Wewe ulikuwepo. Ngolo alikuwepo. Mlikimbia wote, mimi nikaenda kulala chini mwaka mzima kwa ajili yenu, na sikumtaja mtu. Haya, leo zamu ya nani? Nionesheni anayekwenda leo kwa ajili ya Ngolo, nimpishe apige. Polisi wako njiani, nimewapigia mwenyewe."

Wakatazamana. Hakuna aliyesogea mbele, lakini hakuna aliyerudi nyuma pia. Kijana mmoja wa upinde alikuwa ameshaweka mshale. Ngusa akafikiri juu ya ungo uliowekwa chini.

Aliyepenya duara alikuwa Nyanzala. Alikuwa ameanguka majini akivuka, amelowa mpaka kiunoni na khanga inachuruzika. Hakumtazama Ngusa wala Sixte. Alisimama mbele ya mume wake.

"Baba, mwano nimepiga mimi," alisema. "Sauti yangu ndiyo imewatoa watu hawa majumbani. Kama nimepiga mwano wa uongo, faini ni yangu, na damu ya huyu ni yangu. Kwa hiyo niambie mimi. Wale ng'ombe ni wa nani?"

"Rudi nyumbani, mama."

"Nimewakamua miaka yote. Nimekesha nao walipoharisha. Ni wa nani?"

Ngolo alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, na kwa mara ya kwanza wote wakamwona mdogo.

"Wa mjomba," alisema.

"Sema wasikie."

"Ni wa mjomba! Wa mjomba wangu wa Kawajense! Wale wekundu wote, hakuna hata mmoja aliye wangu! Haya, mmeridhika?"

Mshale ukarudishwa kwenye podo. Mtu mmoja alianza kucheka, cheko la aibu, akaacha. Nyanzala akakaa chini pale pale kwenye tope, akajifunika uso kwa khanga iliyolowa.

Ndipo pikipiki ikasikika. Na kama mwaka ule, watu wakaanza kuyeyuka, mmoja huku, wawili kule, mpaka ukingo ukabaki mtupu. Ngolo aliondoka peke yake, hakumngoja mkewe. Maduhu ndiye wa mwisho.

"Tupa hiyo kamba," alimnong'oneza Ngusa. "Upesi. Tutasema huyu alijikwaa mwenyewe, wewe ulikuwa unapita. Hakuna aliyekuona. Hakuna aliyeona kitu chochote leo."

"Na Ngolo alichosema?"

"Hakuna aliyesikia kitu."

"Basi huyu anabaki mwizi."

"Hilo lako nini? Jiokoe, mjinga wewe!"

Ngusa hakuitupa. Maduhu alimtazama kama mtu anayetazama nyumba inayoungua, kisha naye akaingia kwenye matete.

Ernestine alishuka kwenye pikipiki kabla Enoka hajaisimamisha vizuri. Alimkuta Ngusa amesimama, kamba mkononi, mtu anavuja damu miguuni kwake, na mwanamke mmoja ameketi kwenye tope. Enoka hakuwa na utani siku hiyo. Alichuchumaa, akalivuta fundo, likafunguka lenyewe. Akamtazama Ngusa.

"Nilikwambia nini?" Ernestine aliuliza.

"Nisimguse."

"Na wewe?"

"Nimemgusa. Kamba nimefunga mimi. Mwano nilitoka nao kuanzia zahanati, nyuma nyuma. Na Ngolo amesema mbele ya watu kwamba ng'ombe si wake. Huyu mama amesikia. Huyu kijana hajaiba."

Ernestine alimgeukia Nyanzala. Nyanzala aliinua uso, akaitikia kwa kichwa.

"Haya," Ernestine alisema. "Kwa hakimu, basi."

Siku ya kwenda mbele ya hakimu, Pudensiana alimpigia pasi shati kwa makaa. Alipomaliza akatoa begi lake la safari, akaliweka juu ya kitanda mahali Ngusa atakapoliona. Halikuwa na kitu ndani. Bado.

Taarifa ya Ernestine ilisomwa yote. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Kwamba Ngusa aliacha kazi. Kwamba alifuata mwano. Kwamba aliambiwa kwa simu aondoke, akaelewa, akakataa. Kwamba alimfunga mtu kamba. Na kwamba mtu huyo, kwa maoni ya afisa, angekuwa amekufa kama angeachwa bila kufungwa. Sixte alikuwepo, mguu umefungwa bandeji, kalazimisha kuja.

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, aliuliza swali moja.

"Ulijuaje kwamba wangemuua? Pengine wangempeleka polisi."

"Mheshimiwa, aliyempiga wa kwanza mwaka ule ni mimi. Najua tunavyokuwa."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Ngusa aliitazama ile kalamu mpaka ilipotua. Hakurudishwa gerezani. Kazi ya zahanati ikaongezwa mpaka mavuno mengine, na akaambiwa wazi kwamba mara nyingine hakuna atakayesikiliza maelezo.

Nje kwenye ngazi Ernestine alivaa kofia yake ya pikipiki. "Sikukusaidia," alisema. "Niliandika nilichokiona."

"Najua, mama. Asante."

"Usinishukuru. Kesho asubuhi nyasi."

Lakini mwano nao una hakimu wake. Sungusungu walikaa, wakaamua. Ngolo alilipishwa ng'ombe, na safari hii ilibidi atoe wa kwake kweli. Ngusa alitengwa, kwa kuuliza lisiloulizwa na kwa kuita polisi kwenye jambo la ndani. Atakayemsalimia, yeye au mke wake, atalipa faini. Maduhu alilitangaza mwenyewe, bila kuinua macho.

Pudensiana alirudi kisimani siku ya pili ndoo ikiwa nusu. "Wamenipa mgongo wote," alisema. "Kama ukuta." Alimimina maji mtungini. Kisha akaenda chumbani, akalirudisha begi juu ya kabati. "Bora unipe tabu ukiwa hapa, nakuona."

Asubuhi iliyofuata Ngusa alikuwa nyuma ya zahanati ameinama. Watu walipita kwenda kupata dawa, akina mama wenye watoto mgongoni, wanaume wenye vikohozi, watu aliokua nao. Walipita kama anavyopitwa mbuzi aliyefungwa. Alifyeka. Kila fyekeo liliposhuka alijiambia ni afadhali hivi, na mara nyingine aliamini.

Akaona miguu imesimama kwenye nyasi alizokata. Khanga ilikuwa ile ile, imefuliwa. Nyanzala, peke yake, na wengine wote kwenye foleni wamegeuza vichwa wanatazama.

"Mwangaluka," alimsalimia kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

Ngusa aliinuka polepole.

"Mwangaluka, mama."

Nyanzala akaitikia kwa kichwa, akaenda kujiunga na foleni, mwisho kabisa.

Ngusa akainama tena. Upande wa mbele wa zahanati ulikuwa bado haujafyekwa.